Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Habari, Matukio na Utafiti wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta

Kila muhula unapoanza, maswali yale yale hurudi. Wengi hupita kwenye ubao wa matangazo, husoma kichwa cha semina, kisha huendelea na safari yao wakiamini kwamba tangazo lile ni la watu wengine. Mimi ni mmoja wa wanaoandika habari hizo, na kila ninapoandika namfikiria yule aliyesimama nje ya mlango akijiuliza kama aingie. Majibu haya ni yake.

Habari za idara huwa zinahusu nini?

Semina za kila wiki, utetezi wa tasnifu, makala zilizokubaliwa, ruzuku za utafiti, tuzo, mashindano ya kuandika programu, na nafasi za masomo ya uzamili na uzamivu. Kama muda wako ni mchache, anza na semina. Habari ya tuzo inaeleza kazi iliyokwisha. Tangazo la semina linaeleza kazi ambayo bado iko jikoni, na mpishi mwenyewe atakuwepo umuulize.

Kwa nini mnashangilia makala kukubaliwa kwenye kongamano? Si majarida ndiyo yenye hadhi?

Katika fani nyingi ni hivyo. Huko, kongamano ni mahali pa kusimulia kazi inayoendelea, na makala kamili huenda kwenye jarida. Sayansi ya kompyuta ilishika njia nyingine kwa sababu mambo yake hubadilika haraka, na jarida linaweza kuchukua mwaka au zaidi kabla ya kutoa jibu. Kwa hiyo makongamano makubwa hupokea makala kamili, huzihakiki kwa ukali, na kuzichapisha. NeurIPS, linalohusu ujifunzaji wa mashine, limekuwa likifanyika tangu 1987. Watu wa nadharia wana STOC na FOCS, na watu wa lugha za programu wana POPL.

Katika mengi ya makongamano haya wahakiki hawaambiwi majina ya waandishi, wala waandishi hawaambiwi ya wahakiki. Kwa miaka ya karibuni NeurIPS imekuwa ikikubali takriban makala moja kati ya nne zinazoletwa. Maana yake ni kwamba nyuma ya mstari mmoja wa pongezi huenda kuna miaka miwili ya kazi, na huenda makala hiyo hiyo ilikwisha kurudishwa mara mbili. Hilo halisemwi kwenye tangazo, na mimi naona lingesemwa. Mwanafunzi anayesoma orodha ya makala zilizokubaliwa tu hudhani wenzake hawajawahi kukataliwa, kisha barua yake ya kwanza ya kukataliwa inapofika anajiona hafai.

Mmeandika kwamba makala iko arXiv. Je, ina maana imethibitishwa?

Hapana. arXiv ni hazina ya wazi ya rasimu, iliyoanzishwa mwaka 1991 na mwanafizikia Paul Ginsparg ili wenzake wapashane kazi bila kusubiri majarida. Wasimamizi wake huangalia kama makala ni ya kitaaluma na kama imewekwa kwenye mada inayofaa. Hawapimi hoja zake.

Chukua mfano wa mwaka 2010, mtafiti mmoja aliposambaza rasimu akidai amepata uthibitisho kwamba P (matatizo yanayotatulika upesi) na NP (yale ambayo jibu lake hukaguliwa upesi) si kitu kimoja. Swali hilo, ambalo Stephen Cook alilipa sura rasmi mwaka 1971, linauliza hivi: je, kila tatizo ambalo jibu lake linaweza kukaguliwa upesi, linaweza pia kutatuliwa upesi? Tangu 2000 taasisi ya hisabati ya Clay imeliwekea zawadi ya dola milioni moja za Marekani. Habari ilienea kama moto wa nyika. Wataalamu wa nchi mbalimbali wakaisoma rasimu mstari kwa mstari, na katika muda wa siku chache walikuwa wamekwisha kuonyesha matundu yake. Swali bado liko wazi hadi leo. Sisi tunapotangaza rasimu, tunaandika neno “rasimu”. Ukiona hatukuliandika, tukumbushe.

Kichwa cha semina sikielewi hata neno moja. Nije kweli?

Njoo. Vichwa vya semina huandikwa kwa ajili ya watu wa tawi husika, lakini mazungumzo yenyewe huanza mbali zaidi. Mzungumzaji mzuri hutumia dakika kumi za mwanzo kueleza tatizo ni lipi na kwa nini watu wanahangaika nalo. Dakika hizo kumi ni zako. Baada ya hapo hata maprofesa wa matawi mengine hupotea njiani, na hakuna anayewacheka.

Chukua karatasi na uandike mambo matatu: tatizo ni nini, waliotangulia walifika wapi, na huyu ameongeza nini. Fomula ziache zipite. Semina ya kwanza niliyohudhuria ilihusu kuthibitisha usahihi wa programu kwa njia ya hisabati. Niliambulia jambo moja tu, hoja ya mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra kwamba majaribio yanaweza kuonyesha programu ina hitilafu, lakini hayawezi kamwe kuonyesha kwamba haina. Nilitembea na wazo hilo wiki nzima. Lilibadilisha namna ninavyoandika programu kuliko somo zima la muhula ule.

Naogopa kuuliza swali la kijinga.

Uliza mfano mdogo kabisa: “Kama kungekuwa na vitu vitatu tu, njia yako ingefanyaje kazi?” Swali hilo limewahi kumfanya mzungumzaji asimame, afute ubao, aanze upya, na chumba kizima kikapumua. Unaweza pia kuuliza nini kingeharibika kama dhana mojawapo ingeondolewa. Ukishindwa kunyoosha mkono mbele ya watu, subiri mwisho. Wazungumzaji wengi hubaki mbele ya ukumbi wakikusanya vitu vyao, na wanapenda kuulizwa.

Lazima niwe mwanafunzi wa idara?

Kwa semina na mihadhara ya hadhara, kwa kawaida si lazima. Warsha zinazotumia maabara huhitaji kujiandikisha kwa sababu viti vinahesabika. Utetezi wa tasnifu hutofautiana kati ya chuo na chuo: kwingine ni wazi kwa kila mtu, kwingine hufungwa kwa watahini peke yao, na kwingine mtahiniwa huwasilisha hadharani kisha mlango unafungwa kwa maswali. Soma tangazo lenyewe.

Na utafiti? Mtu asiye na shahada ya kompyuta anaweza kuchangia?

Anaweza, na mfano mzuri ni Masakhane, jumuiya inayotafiti teknolojia ya lugha za Kiafrika. Makala yao ya mwaka 2020 kuhusu tafsiri kwa mashine ina waandishi makumi kadhaa, na hoja yake kubwa ni kwamba wasemaji wa lugha, watafsiri na watu wasio na mafunzo rasmi ya fani hii wanapaswa kuwa ndani ya utafiti tangu mwanzo. Mashine haitajua kwamba tafsiri imepinda. Anayeijua lugha ndiye atakayeona.

Niko mwaka wa pili. Si mapema mno kufikiria utafiti?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Mwaka 1951 David Huffman alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha MIT, Marekani. Mwalimu wake, Robert Fano, aliwapa wanafunzi hiari: wafanye mtihani wa mwisho au waandike insha kuhusu njia bora kabisa ya kuwakilisha herufi kwa tarakimu za 0 na 1. Fano hakuwaambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa amelikosa jibu. Huffman alihangaika kwa miezi, akakata tamaa, akawa tayari kurudi kujisomea mtihani, ndipo jibu likamjia: usianze na herufi zinazotokea mara nyingi, anza na zile mbili adimu kabisa, ziunganishe, kisha panda juu hivyo hivyo. Ilichapishwa 1952. Hadi leo wazo hilo limo ndani ya picha za JPEG na mafaili ya ZIP.

Nusu karne baadaye, katika IIT Kanpur nchini India, Neeraj Kayal na Nitin Saxena walikuwa wakifanya mradi wa mwisho wa shahada ya kwanza chini ya Manindra Agrawal. Walikuwa wakitafuta njia ya kubaini kama namba ni tasa, njia ambayo haibahatishi, haitegemei dhana isiyothibitishwa, na ambayo muda wake haulipuki tarakimu zinapoongezeka. Wanahisabati walikuwa wamelisaka jambo hilo kwa miaka mingi. Agosti 2002 watatu hao walituma rasimu kwa wataalamu, na katika siku chache wataalamu wakajibu kwamba ni sahihi. Ilisafiri kwa njia ile ile ya rasimu ya 2010 niliyoitaja juu, ikapita kwenye macho makali yale yale, na yenyewe ikasimama.

Sikuambii kwamba mradi wako utafika huko. Nakuambia kwamba hakuna ngazi ya masomo ambayo mtu hupewa ruhusa ya kuanza kufikiri. Anza na kazi ndogo: rudia jaribio la makala moja uone kama unapata matokeo yale yale. Wanafunzi wengi hugundua kwamba hawayapati, na hapo ndipo maswali halisi yanapoanzia.

Nimwandikieje mhadhiri kuomba kujiunga na kundi lake?

Kwa kifupi, na kwa kuonyesha kwamba umesoma kazi yake. Taja makala moja, sema ni sehemu gani ilikuvutia au ilikutatiza, eleza unachoweza kufanya (lugha gani ya programu, hisabati kiasi gani), na saa ngapi kwa wiki unaweza kujitolea bila kuharibu masomo yako. Barua inayoanza kwa sifa ndefu na kuishia bila swali lolote huwekwa pembeni. Asipojibu baada ya wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa adabu. Njia bora kuliko barua ni kuhudhuria semina za kundi hilo mara tatu mfululizo. Utakapoandika, atakuwa anaifahamu sura yako.

ICPC ni nini, na kwa nini timu ya watu watatu hupewa kompyuta moja?

Ni shindano la kimataifa la kuandika programu kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Fainali zake za kwanza zilifanyika mwaka 1977. Timu ina watu watatu, kompyuta moja na saa tano. Kompyuta moja ndiyo roho ya shindano: wawili wanafikiri kwa kalamu wakati mmoja anachapa, kwa hiyo anayekaa kwenye kibodi bila kujua anachotaka kuandika anawaibia wenzake muda. Jibu lisilo sahihi huongeza dakika 20 za adhabu kwenye swali ambalo hatimaye mmelitatua. Mazoezi hufunza kusoma swali hadi mwisho, na hilo, kwa maoni yangu, ni gumu kuliko algoriti (hatua za kutatua tatizo) zenyewe.

Hakathoni ni jambo jingine: siku moja au mbili za kujenga kitu kinachoonekana, bila jibu moja sahihi. Nenda zote mbili, ila usitegemee ya kwanza ikufundishe kuongea na watumiaji wala ya pili ikufundishe algoriti.

Nadharia zote hizi zina faida gani?

Mwaka 1936, Alan Turing alipoandika kuhusu mashine ya kufikirika inayosoma alama kwenye utepe, hapakuwa na kompyuta kama tunazozijua. Alikuwa akijibu swali la mantiki tupu. Mwaka 1977, Rivest, Shamir na Adleman walitumia nadharia ya mwanahisabati Euler ya karne ya 18 kuhusu namba kutengeneza mfumo wa usimbaji fiche (kuficha ujumbe) wa RSA, unaosimama juu ya jambo ambalo hata mtoto analiona: kuzidisha namba mbili kubwa ni rahisi, kuzirudia kutoka kwenye jibu ni kazi nzito. Ni hapo ambapo ulinzi mwingi wa mawasiliano ya intaneti ulijengwa. Euler hakuwa akifikiria siri za benki.

Lakini sipendi kuitetea nadharia kwa faida peke yake. Kujua kwamba kuna maswali ambayo hakuna programu itakayoweza kuyajibu ni maarifa yenye uzito, hata kama hayamletei mtu senti.

Habari inasema mfumo wa akili unde umefikia usahihi wa 99%. Niusifu?

Kwanza uliza 99% ya nini. Tuseme watu 1,000 wamepimwa, na 10 kati yao ni wagonjwa. Programu ya mstari mmoja, inayomwambia kila mtu “wewe ni mzima”, itakuwa sahihi mara 990. Hiyo ni 99%, na haijampata mgonjwa hata mmoja. Kwa hiyo tafuta vipimo viwili: katika wagonjwa wa kweli, wangapi walipatikana, na katika walioambiwa ni wagonjwa, wangapi ni wagonjwa kweli.

Kisha uliza wastani umewaficha nani. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kibiashara iliyokuwa ikitambua jinsia ya mtu kwa picha ya uso. Kwa wanaume weupe, kiwango cha makosa hakikuzidi 0.8%. Kwa wanawake weusi, kilifika hadi 34.7%. Idadi ya jumla ilikuwa inapendeza, na watu waliokuwa wakikosewa walikuwa wamezama ndani yake. Tangu nilipoisoma kazi hiyo sijaandika tena asilimia moja tupu bila kumuuliza mtafiti imegawanyikaje.

Mwisho, uliza data ya majaribio ilitoka wapi. Kama mfumo ulipimwa kwa mifano uliyokwisha kuiona wakati wa kujifunza, huo ni mtihani wa kukariri.

Idara isiyo na mashine kubwa inaweza kufanya utafiti wa maana?

Inaweza, ingawa si wa kila aina. Mfumo wa AlexNet, uliobadilisha utambuzi wa picha mwaka 2012, ulitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Toronto na Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton, na ulifunzwa kwa siku tano hadi sita kwenye kadi mbili za michoro za kawaida, zile za wachezaji wa michezo ya kompyuta. Mifumo mikubwa ya lugha ya leo inahitaji maelfu ya kadi, na huko idara nyingi haziwezi kushindana. Hilo ni tatizo la kweli na halifai kufunikwa kwa maneno matamu. Hata hivyo uthibitisho wa programu, usalama, algoriti, namna watu wanavyotumia kompyuta, na ukaguzi wa mifumo iliyokwisha kujengwa na wengine havihitaji ghala la seva. Kazi ya Buolamwini na Gebru ilianza na picha 1,270 zilizochaguliwa kwa makini.

Mbona mnaandika hata habari ndogo ndogo?

Kwa sababu hakuna ajuaye ipi ni ndogo. Mwaka 1991 watafiti wa Cambridge walielekeza kamera kwenye birika la kahawa ili walio vyumba vya mbali wasipande ngazi bure. Mwaka 1993 picha hiyo iliunganishwa na wavuti, na birika lile likaingia kwenye historia kama lililotazamwa na kamera ya kwanza ya wavuti. Oktoba 29, 1969, ujumbe wa kwanza wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, kutoka chuo kikuu cha UCLA ulikusudiwa kuwa neno la kuingilia mfumo, LOGIN, herufi tano. Zilifika mbili, L na O, mfumo ukazimika. Tunaijua tarehe na saa kwa sababu mtu aliandika kwenye daftari la kumbukumbu.

Semina hurekodiwa?

Zile ambazo mzungumzaji ameridhia. Kazi isiyochapishwa bado mara nyingi hairekodiwi.

Naombwa kushiriki kwenye jaribio la utafiti. Nina haki gani?

Utafiti unaohusu watu unapaswa kupita kwenye kamati ya maadili kabla ya kuanza. Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa wanatafuta nini, watachukua taarifa gani, zitakaa wapi na kwa muda gani. Una haki ya kukataa, na ya kujitoa katikati bila kutoa sababu. Kama anayekuomba ni mwalimu wako, kukataa kwako hakuwezi kugusa alama zako. Ukihisi kinyume, nenda kwa kamati moja kwa moja. Jina lake linatakiwa kuwa kwenye fomu ya ridhaa, na kama halipo, usitie saini.

Naweza kupata msimbo na data za makala?

Mara nyingi ndiyo. Kiungo huwa mwishoni mwa makala au kwenye ukurasa wake wa kwanza. Data zenye taarifa za watu hufungwa kwa sababu nzuri. Msimbo usipopatikana, mwandikie mwandishi. Usipojibiwa, hilo nalo linakueleza kitu kuhusu makala.

Tuzo ya Turing mnayoitajataja ni ipi?

Ni tuzo kubwa kuliko zote katika fani yetu, hutolewa na ACM, chama cha wanataaluma wa kompyuta, tangu 1966, na sasa huambatana na dola milioni moja. Wa kwanza kuipokea alikuwa Alan Perlis. Ilipita miaka 40 kabla ya mwanamke wa kwanza, Frances Allen, kutunukiwa ile ya 2006.

Nimeona kosa kwenye habari yenu. Nifanye nini?

Tuandikie mara moja. Niliwahi kuandika kichwa cha habari kwamba tatizo fulani la upangaji ratiba “limetatuliwa”. Mwanafunzi wa uzamivu ambaye kazi ilikuwa yake alikuja ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwa upole kwamba njia yake ilikuwa na kasi zaidi kwa aina moja tu ya ratiba, na kwamba sasa anaona haya kukutana na wenzake kongamanoni. Nilirekebisha siku ile ile, na tangu hapo kila habari ya utafiti husomwa na mwenye kazi kabla haijatoka. Bado makosa hupenya. Tutumie sentensi yenye kosa, na unachoamini ndicho sahihi. Marekebisho tunayaweka juu kabisa ya habari pamoja na tarehe, na maneno ya zamani tunayaacha yaonekane.